Kijiko cha Bibi

Katika mambo yanayodaiwa kwa jina la heshima, lipo moja ambalo halijadiliwi vya kutosha, nalo ni tumbo la mtoto mchanga. Nauliza hivi: heshima tunayowapa wakubwa zetu, je, inafika mpaka kwenye mdomo wa mtoto? Mkamwana akifika ukweni na mtoto wa miezi mitatu, na mama mkwe akachukua kijiko cha uji, anayo haki ya kumzuia? Na akimzuia, ni lazima aeleze sababu?

Msomaji asidhani ni jambo dogo. Kila Desemba nyanda za juu za Kigoma hujaa wageni. Hutoka Dar es Salaam, Mwanza na Tabora, wakashuka Kibondo na Kasulu na mabegi, zawadi, na watoto ambao ndugu hawajawaona. Njiani hakuna tatizo. Mtoto akilia ndani ya basi, abiria humgeukia mama kwa sauti moja: "Mnyonyeshe huyo!" Haoni haya mama, wala mzee aliyekaa pembeni yake. Kwa miaka mingi barabara ya huku ilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Basi likikwama, mtoto anayenyonya ndiye aliyekuwa abiria pekee ambaye chakula chake hakikuisha wala kupoa.

Shida huanza nyumbani. Salamu za Kiha hazina haraka, na kabla hazijakwisha mtoto ameshapita mikono sita. Krismasi moja, Kasulu, mtoto wa kaka yangu alimleta mke wake na mzaliwa wao wa kwanza. Wifi yangu alikuwa ameshapoza uji kwenye kisufuria. Yule binti akapiga magoti, akasema taratibu, "Mama, naomba bado."

"Bado nini? Mumeo nilimlea kwa uji huu huu. Mbona hakufa?"

Binti hakujibu. Alimchukua mtoto, akampa ziwa. Wifi akaweka kisufuria chini na kutoka kwenda kuangalia kuku. Ugali wa muhogo na migebuka tulikula kimya.

Wapo watakaosema wifi ni mjinga wa kizamani. Siyo. Wakati yeye analea, ushauri wa wataalamu wenyewe ulikuwa kwamba mtoto anyonye tu kwa miezi minne hadi sita. Ni mwaka 2001 ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipotamka miezi sita kamili. Basi mama aliyeanza uji mwezi wa nne alikuwa mtiifu kwa elimu ya wakati wake. Elimu ikahama, wala hakuna aliyepita kwake kumwaga. Leo anasahihishwa na msichana aliyezaa juzi, mbele ya wageni. Uchungu huo nauelewa.

Tena kijiko kile kilikuwa zaidi ya chakula. Kwetu Buha nyumba isiyompa mgeni kitu imejiaibisha, na ni mgeni gani mkubwa kuliko mjukuu wa kwanza? Kumwambia bibi kwamba karibu sehemu tisa katika kumi za maziwa ya mama ni maji, na kwa hiyo mtoto hana kiu, ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Hata hivyo nasimama upande wa binti. Heshima ni deni, na deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa. Mkamwana na alipe kwa magoti yake, kwa kuchota maji, kwa kuamka kabla ya jogoo, na kwa kunyamaza anaposemwa. Tumbo la mtoto si mali yake ya kulipia madeni. Hata mwajiri, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anatakiwa kumruhusu mama anyonyeshe hadi saa mbili kwa siku. Sisi ndugu hatujatungiwa sheria, wala siiombi. Mungu atuepushe na polisi wa uji.

Na hilo la sababu? Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Wapo akina mama wenye sababu isiyosemeka sebuleni. Miaka ya mwanzo ya 2000, mama mwenye virusi vya UKIMWI alishauriwa, kama ana uwezo, atumie maziwa mengine. Chupa yake ikawa tangazo kwa ukoo mzima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo: mama anayetumia dawa anyonyeshe, na miezi sita ya kwanza asichanganye na kitu. Ilikuwa imeshajulikana kwamba kuchanganya vyakula katika miezi hiyo huongeza hatari ya virusi kumfikia mtoto. Sasa mfikirie mama huyo ukweni, vidonge vimefichwa chini ya begi, mume anaangalia sakafu. Bibi anakuja na kijiko, kwa upendo mtupu, mbele ya watu kumi na watano, na kuuliza: "Kwa nini?" Amjibu nini? Ili mama mmoja kama huyo apate kunyamaza salama, inabidi wote waruhusiwe kunyamaza.

Nitaulizwa: kila binti akikataa bila sababu, wazee watafundisha nini? Swali hili lina uzito, na sina jibu lake lote. Najua tu kwamba jioni ile ile wifi alimwona mkamwana wake akikunja uso mtoto aliposhika ziwa. Hakusema neno. Alibandika maji, akachovya kitambaa, akakamua, akamkanda titi lililovimba mpaka maziwa yakatiririka yenyewe. Kisha akamweka mtoto begani vizuri, akamgonga gonga mgongo, akatoka naye kwenda kuwaonyesha majirani. Hakuna muuguzi aliyempita siku ile.

Kama binti alikuwa na sababu nyingine mbali na ile ya kliniki, sijui. Sikuuliza, wala wifi hakurudia. Mwezi wa Machi alituma unga wa ulezi kwa basi, umesagwa laini, umefungwa mara mbili usiingie vumbi.