Manahodha Wengi na Hadithi Moja

Ni methali chache zinazonyamazisha kikao upesi kama hii: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hutajwa kwenye kamati ya harusi, kwenye chama cha siasa, kwenye biashara ya ndugu wawili wasioelewana, na hutajwa pia watu wanapotaka kuandika hadithi kwa pamoja. Anayeitaja huwa amekwisha kuamua kwamba riwaya ni kazi ya mtu mmoja kwenye meza moja, na mkono wa pili ukiingia ni uharibifu. Methali hii naiheshimu, na kwa kuwa naiheshimu naona inasingiziwa. Inachokikataza ni kitu chembamba zaidi, na kigumu zaidi kukitii, kuliko wingi wa watu: ni kuiacha kazi bila mwenye neno la mwisho.

Tuanze na chombo chenyewe. Jahazi lililopakia boriti za mikoko Lamu likangoja kusi lielekee Ghuba halikuwa chombo cha mtu mmoja. Nahodha peke yake asingeweza hata kulipandisha tanga. Tanga hilo limefungwa kwenye foremali, ule mti mrefu unaoning'inia mlingotini, na chombo kinapogeuzwa kipokee upepo kwa ubavu wa pili, foremali yote huhamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine. Hapo kuna wanaolegeza kamba, wanaovuta, anayeichunga ncha ya chini ya foremali isije ikamwumiza mtu, na aliyeshika usukani nyuma. Kazi yote ni ya muda mfupi, na lazima ianze kwa amri moja. Mmoja akisema vuta na mwingine akisema legeza, upepo hulikuta tanga katikati ya njia, chombo kikalala, na wote waliomo, waliotoa amri na wasiotoa, wakawa hatarini. Methali ilitungwa na watu waliojua hayo kwa viganja vyao, ndiyo maana ikawataja manahodha. Ingetaka kulaumu wingi ingewataja mabaharia, na hakuna mwanamaji angeikubali, kwa sababu jahazi lenye mabaharia haba haliondoki bandarini.

Onyo lake ni la kweli, na lina ushahidi wa siku za karibuni. Februari 2007 kampuni ya uchapishaji ya Penguin, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha De Montfort cha Uingereza, ilifungua kwenye intaneti riwaya iliyoitwa A Million Penguins. Yeyote aliruhusiwa kuingia, kuongeza sentensi, kuibadilisha ya mwenzake au kuifuta. Kwa muda wa wiki tano hivi walijiandikisha watu wapatao 1,500, na mabadiliko yakapita 11,000. Wahusika walizaliwa na kutoweka bila sababu. Mshiriki mmoja alianza kupachika ndizi kila mahali katika maandishi ya wenzake, na matini ikaishia kugawanyika matoleo mbalimbali. Sidhani kwamba katika watu 1,500 hapakuwa na mwenye kipaji. Walichokosa ni mtu, au japo utaratibu, wenye haki ya kusema hapana na hapana hiyo ikasimama.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili, huandikwa na umati kama huo na haizami? Jibu liko katika aina ya kazi. Wawili wakibishana kuhusu urefu wa Kilimanjaro, mlima upo, umepimwa, ni mita 5,895, na ubishi umekwisha. Wawili wakibishana kama mjane wa sura ya nne amsamehe shemeji yake au asimsamehe, hakuna mlima wa kwenda kuupima. Jibu lolote kati ya hayo mawili laweza kuwa zuri, na kwa sababu hiyohiyo lazima moja lichaguliwe na sura zinazofuata zilitii. Ulimwengu wenyewe huamua ugomvi wa waandishi wa kamusi elezo. Waandishi wa hadithi hawana mwamuzi wa nje, hivyo ni lazima wamweke wao.

Lakini iko kazi iliyoandikwa na wengi na chombo kikafika. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipewa na wanakijiji kazi ya kuandaa rasimu ya tamthilia ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Rasimu ilipokuwa tayari haikupelekwa kwa mchapishaji. Ilisomwa mbele ya wakulima na wafanyakazi, nao wakaichambua. Wazee walimsikiliza mhusika mzee akizungumza na kusema kwamba mtu wa umri ule hasemi hivi, kwamba kama anatakiwa aonekane na heshima yake basi lazima atumie methali fulani mahali fulani. Sehemu ya gĩtiiro, zile nyimbo za kujibizana katika shughuli za ndoa, ilitolewa neno kwa neno na mwanamke mkulima asiyejua kusoma wala kuandika. Vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda walieleza ujira na kazi yao kwa namna ambayo profesa wa chuo kikuu asingeweza kuibuni. Mazoezi yalifanyika hadharani, na mpita njia aliweza kusimama akarekebisha. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na Novemba mwaka huohuo serikali ikafuta kibali chake.

Kwa nini Kamĩrĩĩthũ hawakuangukia pale walipoangukia wale wa mwaka 2007? Mpangilio wa kazi ndio uliowaokoa. Palikuwa na rasimu kwanza, iliyotoka kwa watu wawili waliokubaliana kisa kinahusu nini: ardhi ya mkulima maskini na tajiri anayeinyemelea. Mjadala ulikuja juu ya kitu kilichokwisha kuwa na umbo. Wanakijiji walibishana kuhusu lugha, desturi na ukweli wa maisha, mambo ambayo wao ndio wenye ujuzi nayo, na baada ya hapo matini ikafungwa, ikashikwa na waigizaji. Tanzania nayo ina mifano yake. Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa 1982, ina majina matatu: Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Tamthilia ya Ayubu ilitoka kwa jina la kundi zima la Paukwa. Si bahati nasibu kwamba mifano hii mizuri ni ya jukwaani. Tamthilia huwalazimisha waandishi kukata shauri, kwa sababu siku ya maonyesho inajulikana na mwigizaji hawezi kusema maneno mawili kwa wakati mmoja. Riwaya haina tarehe hiyo, na kundi linaloandika riwaya lisipojiwekea mwisho litabishana mpaka lichoke.

Atatokea wa kunipinga kwa methali nyingine, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kuongeza kuwa ngano zetu zote ni mali ya umma, hazina nahodha. Ni kweli ngano haina jina la mtunzi. Lakini tutazame inavyotambwa. Fanani huita paukwa, hadhira huitika pakawa, huimba kiitikio, humkumbusha alichosahau, na asipowafurahisha humwonyesha. Hata hivyo usiku ule, kwa masimulizi yale, sungura atafika kisimani pale fanani atakapomfikisha. Kesho bibi mwingine atamfikisha kwa njia yake. Ngano imepita kwa manahodha wengi sana, ila kwa zamu, kila safari na wake. Hizo methali mbili hazigombani: moja inazungumzia nguvu, nyingine inazungumzia uamuzi.

Na anayeandika peke yake je, amesalimika? Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na katika gereza la Kamiti akaandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ, yaani Shetani Msalabani, juu ya karatasi za msalani. Upweke mkubwa kuliko huo ni mgumu kuuwazia. Hata hivyo aliyekuwa akiandika ni yuleyule aliyekaa miezi kadhaa akisahihishwa na wazee wa Kamĩrĩĩthũ, na humo gerezani aliendelea kuokota lugha katika mazungumzo ya askari jela na mahabusu wenzake. Riwaya ilipotoka 1980 ilisomwa kwa sauti majumbani na baani, na huko baani msomaji alikuwa akisita penye utamu mpaka bilauri yake ijazwe tena. Mabaharia walikuwapo kabla ya kalamu na baada yake. Upweke ulimpa kitu kimoja tu, nacho kikubwa: kila sentensi ilimngoja yeye aamue.

Wala jina moja kwenye jalada halithibitishi kwamba nahodha ni mmoja. Yupo mwandishi anayeandika sura ya kwanza kwa kuwaza orodha ya vitabu teule vya shule, sura ya pili kwa kumwogopa mkubwa fulani, ya tatu kwa kuitamani tuzo, na ya nne kwa kuwa mchapishaji amemwambia mapenzi yanauza. Huyo amekaa peke yake chumbani na amebeba manahodha wanne. Kitabu chake huyumba vilevile kama cha kamati, na pengine zaidi, kwa sababu kamati angalau hubishana kwa sauti na mtu akasikia anachokipoteza.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la haki. Methali hii hupendwa na wakubwa. Aliyekalia kiti huitumia kuwaambia wengine wanyamaze, na katika uandishi huweza kutumiwa na mwenye jina kubwa kumeza kazi za wadogo. Silipuuzi. Lakini nahodha wa kweli hukabidhiwa uamuzi wa safari, hakabidhiwi sauti za watu. Aliye gubetini akipiga kelele kwamba kuna mwamba, nahodha asiyemsikiliza atakuwa wa kwanza kulaumiwa, na faida ya safari hugawanywa kwa mafungu ambayo kila baharia analijua lake. Hapo ndipo uandishi wa pamoja haujafikia desturi ya majahazi. Ngaahika Ndeenda ina majina mawili ya watunzi. Jina la yule mama wa gĩtiiro halimo kati yao, wala majina ya wazee waliomfundisha mhusika kusema kiutu uzima. Hasara nayo haikuchagua majina: mmoja wa watunzi alifungwa, na Machi 1982 serikali ililibomoa jukwaa la wazi ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Waliolipa walikuwa wengi kuliko waliotajwa. Kwa hiyo kundi linalokaa leo kuandika hadithi lina mambo mawili ya kuyaandika kabla ya ukurasa wa kwanza: nani atakuwa na haki ya kukata shauri mabishano yakikwama, na majina na malipo yatagawanywa vipi kitabu kikitoka.