Msuka na Mpini



Watu wengi hudhani kwamba mwenye kutaka dalili ya kuwapo kwa Mwenyezi Mungu hana budi asafiri mbali, au asome vitabu vikubwa vya wanafalsafa. Sivyo. Dalili zake zimeegemezwa ukutani nyuma ya mlango wa kila nyumba. Mkulima wa Didia, katika nchi ya Shinyanga, hulala nazo chumba kimoja, na alfajiri huzitia begani akaenda nazo shambani. Leo twakualika ulitazame jembe, na hasa pale mahali padogo ambapo chuma huingia katika mti. Mahali hapo pana somo kwa yule anayeitafuta dini ya kweli, na somo kubwa zaidi kwa yule aliyekwisha kuingia.

Jembe la asili lina sehemu mbili. Ubapa wake hupasua ardhi, na nyuma ya ubapa hutokeza mkia wa chuma uliochongoka, ambao kwa Kiswahili huitwa msuka. Mpini nao huchongwa katika mti mgumu ukaachiwa kichwa kinene. Kichwa hicho hutobolewa kwa chuma kilichotiwa moto, na tundu huachwa liwe jembamba kidogo kuliko unene wa msuka. Kisha jembe hupachikwa. Hapana msumari, hapana gundi, hapana kamba. Na mkulima anapoanza kulima, kila pigo analopiga ardhini huusukuma msuka ndani zaidi. Kazi ambayo ungedhani itavitenganisha viwili hivi, ndiyo hiyo inayovikaza.

Zingatia hapo mambo matatu. Kwanza, vilivyoungana havifanani. Mti peke yake haukati ardhi, na chuma peke yake hakishikiki vizuri mkononi. Kila kimoja kina upungufu ambao mwenzake ameuziba. Pili, kila kimoja kimekubali kupata hasara fulani: chuma kimetiwa motoni na kupigwa nyundo, na mti umetobolewa kichwani. Tatu, hapana muungano bila kipimo. Tundu likizidi upana, jembe huchomoka; likizidi wembamba, mpini hupasuka.

Sasa tuulize: kipimo hicho kilitoka wapi? Katika zama zilizopita, majembe mengi yaliyotumika Usukumani yalifuliwa na mafundi wa mbali. Miongoni mwa wafua chuma mashuhuri walikuwa Warongo wa pande za Geita na Biharamulo, waliojua kuyeyusha mawe yenye chuma na kuyafua. Majembe yao yalisafirishwa, yakauzwa, yakatolewa hata kuwa mahari. Aliyelinunua alichonga mpini nyumbani kwake. Basi mhunzi na mchonga mpini huenda hawakuonana maishani mwao, na kazi zao zikaungana barabara. Je, yuko mwenye akili atakayesema kwamba ziliungana kwa bahati? La hasha. Mhunzi alipochongoa msuka alijua kwamba utaingia katika mti, na mchonga mpini alipotoboa tundu alikuwa ameuona msuka. Palipo na muungano hapana budi pawe na mjuzi aliyezijua pande zote mbili.

Ichukue kanuni hiyo, ndugu yangu, ukaitumie juu ya uso wako mwenyewe. Jicho lako liliumbwa katika giza la tumbo la mama yako, mahali pasipo mwanga wa kuonea. Huko gizani lilitengenezewa kioo cha kupitisha nuru, mboni ya kupanuka na kufinyika, na utando wa kuipokea sura. Na nuru ambayo jicho hilo liliandaliwa kuipokea hutoka katika jua, lililo umbali wa kilometa milioni 150 hivi, na hutumia dakika 8 na zaidi kidogo kufika kwetu. Msuka uko huko mbinguni, na tundu limetobolewa tumboni mwa mama! Nani basi aliyezijua pande zote mbili?

Pengine atatokea mtu aseme kwamba jicho lilijilinganisha na nuru polepole kwa muda wa zama nyingi sana. Na iwe hivyo. Muda si fundi. Hata mpini huchongwa polepole, lakini hatusemi kwamba umechongwa na mchana wa leo. Kadiri njia ya kazi inavyozidi kuwa ndefu na yenye utaratibu, ndivyo inavyozidi kuonyesha hekima ya yule aliyeuweka utaratibu huo. Kurani Tukufu, katika sura iitwayo Al-Mulk, humwita mwanadamu autazame ulimwengu, kisha atazame tena na tena, kama ataona kasoro yoyote. Na humwambia kwamba macho yake yatarudi yakiwa yamechoka. Dini inayomwambia mtu atazame tena si dini inayoogopa kuchunguzwa.

Tena, kama vile jicho lina nuru yake, pafu lina hewa yake na kiu ina maji yake. Haikupata kuonekana katika maumbile haja ya asili isiyokuwa na kitu cha kuitosheleza. Na katika moyo wa mwanadamu imo haja ya kumwabudu aliye mkubwa kuliko yeye; imeonekana kwa mataifa yote, waliosoma na wasiosoma. Je, yumkini matundu yote yawe na misuka yake, isipokuwa tundu hili lililo kubwa kupita yote? Kufuli haiwezi kukuonyesha ufunguo ulipo, lakini yatosha kukuhakikishia kwamba ufunguo upo.

Lakini hapa hatuna budi kutoa onyo. Hatari ya mwanadamu si kukosa kuunganisha. Hatari yake ni kuunganisha visivyoungana. Katika nchi hii ya Shinyanga na mikoa jirani, tangu miaka ya 1970, wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mtoto ameugua homa akafa. Mpiga ramli ameulizwa. Na lawama imemwangukia bibi kizee wa jirani, kwa kuwa macho yake ni mekundu. Macho hayo yaliwekundishwa na nini? Ni moshi wa kuni na samadi kavu, ambao ameuvumilia jikoni maisha yake yote akiwapikia watoto na wajukuu. Dalili ya huruma yake imefanywa kuwa dalili ya uadui wake! Na katika miaka ya 2007 na 2008 Kanda ya Ziwa ilishuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga waliwaahidi watu utajiri wa migodini na ziwani. Kati ya mkono wa mtoto wa mwenzako na dhahabu iliyo chini ya ardhi pana muungano gani? Hapana kabisa. Huo ni msuka uliosukumwa katika mahali pasipo na tundu, na kilichopasuka ni jamii nzima.

Tazama Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alivyoukata mzizi wa jambo hili. Alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, siku hiyo jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Mtu mwongo angeinyamazia kauli hiyo, maana ilimpa utukufu bila ya kuigharimia. Yeye, akiwa katika majonzi yake, alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Hakukubali hata sifa yake mwenyewe iungwe mahali isipostahili. Na Kurani Tukufu inamkataza muumini kuyafuata asiyo na elimu nayo, ikimkumbusha kwamba sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Basi yeyote anayesilimu hali angali anampa mpiga ramli masikio yake, ameshika mpini ambao jembe lake limo katika shamba la mtu mwingine.

Sasa tuwageukie wale waliokwisha kuamini. Kila mkulima anaijua hila ya jembe lililolegea. Likianza kucheza katika mpini, mtu mvivu hulilowesha majini usiku kucha. Mti hunywa maji ukavimba, na asubuhi jembe limekaza kana kwamba limepachikwa jana. Lakini jua la Shinyanga likishapanda, mti hukauka, na jembe huanza kucheza tena. Pengine likachomoka katikati ya tuta na kumjeruhi mwenye nalo. Mwingine husokomeza kitambaa. Kitambaa nacho husagika, kikaanguka kipande kipande.

Imani za watu wengi ni za kuloweshwa. Mtu amesikiliza hotuba nzuri, machozi yamemtoka, moyo wake umevimba kwa mapenzi ya Mungu, naye akadhani kwamba amekaza. Kisha huja kiangazi cha maisha: mvua imekosekana na pamba imenyauka, ng'ombe wamekufa, wazazi wamemkasirikia kwa kubadili dini, wenzake wamemcheka kwa kuacha pombe. Basi imani hucheza katika mpini. Wengine wamesokomeza kitambaa: wamesilimu kwa ajili ya ndoa, au kwa kumfuata rafiki, au kwa kutaraji msaada. Hatumdharau aliyeingia kwa mlango wowote. Bali twamwambia, ondoa kitambaa, uupachike msuka wenyewe.

Njia ya kuupachika ni moja tu, nayo ni kazi. Sala tano kila siku, kusema kweli sokoni, kumlipa kibarua ujira wake kamili, kumsamehe ndugu: haya ndiyo mapigo ya jembe. Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Hekima yake ni hii, kwamba pigo moja kubwa halikazi jembe kama yanavyolikaza mapigo mengi ya kila siku. Na mwenye imani iliyopachikwa vizuri haogopi ardhi ngumu, kwa maana ugumu wa ardhi ndio unaoukaza msuka wake.

Tena usijidanganye kwamba utakaza peke yako. Huko Mwadui, katika mkoa huu huu wa Shinyanga, zipo almasi, ambazo John Williamson alizigundua mwaka 1940. Wataalamu wametufahamisha kwamba almasi ni kaboni tupu, na ule weusi wa penseli ya mtoto wa shule, uitwao grafiti, nao ni kaboni. Asili ni moja. Lakini katika grafiti chembe zimepangika tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo hazikushikana kwa nguvu. Kwa hiyo huteleza, zikabaki juu ya karatasi. Katika almasi kila chembe imeshikwa na nyingine nne zilizoizunguka pande zote, na kwa sababu hiyo almasi hukata kioo. Hakikuongezwa kitu, imebadilika namna ya kushikana tu.

Ndivyo ilivyo jamii ya waumini. Mtume s.a.w. aliwafananisha waumini na jengo ambalo sehemu zake hutiana nguvu, kisha akavifumbata vidole vyake, hivi ndani ya hivi, ili waone kwa macho. Kwa hiyo muumini mgeni asiachwe akaning'inia kama grafiti. Ashikwe pande zote: mmoja amfundishe sala, mwingine amtembelee akiugua, mwingine asimame naye akiwa na msiba. Naye kwa upande wake akubali kuchongwa. Mti usiotaka kutobolewa utabaki kuwa kuni.

Na wewe uliye bado unatafuta, hatukuombi ukubali kwa kusikia. Jembe halijaribiwi dukani kwa kugongwa kidole, hujaribiwa shambani. Lichukue fundisho lolote uliloletewa uliulize: Je, linaungana na akili niliyopewa na Muumba wangu, au linanitaka niiweke pembeni? Je, linanisogeza karibu na jirani yangu, au linanitia shaka juu ya bibi kizee wa nyumba ya pili? Je, likitumika siku nyingi katika njaa na shibe, hukaza ama hulegea? Kisha usiku, pasipo mtu wa kukuona, umwombe Mwenyezi Mungu kwa lugha unayoijua, Kisukuma au Kiswahili, akuonyeshe iliyo haki. Yeye aliyeliumba jicho gizani, akalilinganisha na jua ambalo halijaliona, hashindwi kuuongoza moyo unaomtafuta.

Mwenyezi Mungu atujaalie imani inayokazwa na kazi, atuepushe na kuunganisha visivyoungana, na atushikamanishe sisi kwa sisi katika yale yanayompendeza. Amin.