Jirani wa Chini ya Mto

Je, mtu ana wajibu gani kwa mwenzake asiyemjua jina, ambaye hataonana naye maishani, wala hawezi kumlipa wema kwa wema au ubaya kwa ubaya? Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata bondeni.

Chini ya mtaa wetu wa Loresho kipo kijito chembamba. Jumamosi moja, baada ya mvua za Aprili, niliwachukua wanafunzi wangu kwenda kukitazama. Kwarara walipita juu yetu wakipiga kelele zao za ugomvi. Kwera walikuwa wakisuka viota penye matete. Na mdiria mdogo, mwenye rangi ya buluu kama wino, alitulia juu ya tawi kavu akiyakodolea macho maji, mfano wa mkopeshaji akaguaye daftari lake. Tulinyamaza mpaka alipojitupa majini akaibuka na kitu mdomoni. (Wako walimu wadhanio kuwa pasipo chaki hapana somo, mimi simo miongoni mwao.)

Ndipo msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, maji haya huenda wapi?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba vijito vya upande huu huishia katika Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, na ambao jina lake kwa Kimaasai lina maana ya maji baridi. Mto huo hupita katikati ya jiji ukaingia Mto Athi. Nao Athi, huko mbele ukiitwa Galana na kisha Sabaki, humwagika baharini kaskazini ya Malindi, wanakoonekana heroe na viboko. Kando ya Sabaki, mahali paitwapo Baricho, viko visima viwapavyo maji watu wa Malindi, na hata wa Mombasa.

"Basi wao hupata tulichobakiza," akasema. Wenzake walicheka. Mimi sikuweza.

Juma lililofuata nilikwenda peke yangu kuufuata mto mjini. Katika Bustani ya Michuki, iliyopewa jina la waziri wa mazingira aliyeanza kuusafisha mto mwaka 2008, miti imestawi na watu hupumzika kivulini. Lakini ukifika Gikomba maji ni meusi, na harufu hukupokea kabla hujayaona. Mbele zaidi, karibu na jaa la Dandora, makorongo wenye vipara husimama juu ya taka kama wazee wa baraza. Pamoja na hayo, wapo watu wayatekao maji hayo wakanyweshea sukuma wiki.

Watu husema, "Taka yangu ni ndogo, na mto hauna mwenyewe." Neno la kwanza ni kweli, na ndiyo maana ni hatari: kila mmoja ana haki ya kulisema, na mto umekufa kwa vidogo hivyo. La pili si kweli hata kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na haikusema kila mtu wa juu ya mto.

Wengine hutuonya kwamba sukuma wiki ile hurudi sokoni, ikapanda mpaka sahani zetu. Onyo hilo lina faida, walakini halinitoshi. Nikiacha kuchafua kwa kuogopa sahani yangu, nimejipenda mwenyewe tu. Mvuvi wa Sabaki hawezi kunirudishia kitu, kwa kuwa maji hayapandi mlima. Na kwa sababu hiyo hasa, yeye ndiye kipimo cha tabia yangu. Kumtendea haki anayeweza kukulipa ni jambo jepesi, hata mfanyabiashara mlafi huliweza.

Niliporudi nyumbani jioni ile nilizunguka nyuma ya nyumba niliyopanga, nikalitafuta bomba la maji machafu. Miaka sita nilikuwa nimekaa hapo bila kuuliza liendako. Nililifuata kupitia uani, chini ya ua wa michongoma, nikateremka nalo hadi karibu na tawi lile kavu la mdiria. Huko ndiko lilikoishia, likitiririsha povu.

Jumatatu nilimpigia simu mwenye nyumba. Akaniuliza ni nani aliyelalamika.