Fungu la Asilimia Mbili

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa mjini Mtwara, wiki hii, mzee mmoja alifunga mjadala hivi: "Mikopo ya halmashauri ilisimama kwa wote. Kina mama walikosa, vijana walikosa, walemavu nao walikosa. Sasa wao wanalalamika nini?" Waliokuwepo wakacheka, kahawa ikaendelea kumiminwa. Fundi viatu mmoja, kiziwi, anayefanya kazi hatua chache kutoka hapo, aliona watu wanacheka akauliza kwa mkono kuna nini. Aliyeulizwa akampungia tu: hakuna kitu.

Yalikuwa yanazungumzwa mambo yake.

Kauli ya mzee yule imemkwama mwandishi wa safu hii kooni kama mwiba wa changu, hasa kwa sababu ina ukweli ndani yake. Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri huitoa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Sababu hazikuwa nyepesi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimeanika vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Mikopo ilikuja kutolewa tena katika mwaka wa fedha 2024/25, na TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, ikataja kitita cha shilingi bilioni 227.96 kwa nchi nzima. Kati ya tangazo la kwanza na la pili, huku Kusini, msimu mzima wa korosho ulikuwa umeanza na kwisha.

Tatizo liko kwenye hilo neno la mzee, "wote". Mama wa Mikindani akikosa mkopo wa halmashauri ana kikoba cha mtaani kwake. Kijana anaweza kupata bodaboda ya mkataba. Kiziwi akienda kukopa kwingine anakutana kwanza na dirisha ambalo nyuma yake hakuna ajuaye lugha ya alama, kisha na mkataba wa Kiswahili cha wanasheria. Mara nyingi hulazimika kwenda na ndugu anayesikia, na kuanzia siku hiyo ndugu huyo anajua kila shilingi yake. Halmashauri ilikuwa na nafuu: kanuni zilikwisha kulegezwa hadi mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake, bila kikundi. Ndiyo nafuu iliyofungwa.

"Si wangerejesha!" atadakia mtu. Sawa, mkopo ni deni. Lakini kikundi hewa hakijiandikishi chenyewe. Lazima kuwe na mkono wa ofisini unaokipitisha. Mwenye mkono huo ndiye wa kusimamishwa, na mshahara wake ulikuwa ukiingia mwezi hadi mwezi.

Wala haikuwa habari ya ukata. Ushuru wa korosho uliendelea kukatwa. Gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, iliendelea kuvunwa, na kiwanda cha saruji cha Dangote hakikuzima tanuri. Kampuni kama hizo wakati huo zilitozwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, ulioingia halmashauri. Kisha itazamwe hesabu yenyewe: kwa kila bilioni moja ya mapato ya ndani, fungu la watu wenye ulemavu ni milioni 20. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta ulemavu kwa asilimia 7.8 ya watu wa miaka saba na kuendelea. Fungu dogo kuliko yote, nalo likasimamishwa pamoja na makubwa, kwa kosa lile lile, bila kuchambuliwa.

Januari 2025, Donald Trump aliposaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, redio na vijiwe vyetu vilijaa manung'uniko: inakuwaje saini moja isimamishe huduma za watu dhaifu kabla hata ya ukaguzi kukamilika? Swali zuri. Lingeulizwa pia Aprili ile ya 2023.

Mikopo imerudi, na Mji wa Newala ni miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuipitisha benki. Kwingine maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wezesha. Mwandishi angependa kuuliza kama mfumo ukikaguliwa tena na kukutwa na uchafu, fungu la asilimia mbili litaachwa liendelee, ila jibu lake tayari analo: liachwe, liandikwe kwenye kanuni kwamba haligusiki mpaka wizi uthibitishwe ndani ya fungu lenyewe. Na kabla ya hapo, madiwani wa Mtwara wanapokaa kupitisha bajeti, waweke kifungu cha mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Hakuna haja ya kusubiri nyingine.