Tumetumwa, Hatukuwekwa

Kila Dominika kengele ya kanisa inapolia hapa Dodoma, twasema twaenda Misani. Ni wachache wanaojiuliza neno hilo limetoka wapi.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, mittere, maana yake kutuma au kuacha kitu kiende. Kutokana nacho likapatikana jina missa, yaani kuagwa kwa watu. Ndilo neno alilotamka padre mwishoni mwa ibada ya Kilatini, alipowaruhusu waamini kuondoka. Hatimaye ibada nzima ikaitwa kwa neno la kuagana. Wataliano husema messa, Wafaransa messe, Wahispania misa, nasi pia Misa. Katika shina lilo hilo zimechipuka misioni na mmisionari.

Bali kitenzi chenyewe kilipatwa na mkasa. Mtaliano asemapo mettere na Mfaransa asemapo mettre, husema kuweka. Mhispania asemapo meter, husema kutia ndani. Kazi ya kutuma wamevipa vitenzi vingine. Waromania wameihifadhi maana ya kale katika trimite, kitenzi kilichotoka katika transmittere. Hivyo, kwa mataifa mengine, neno la safari limegeuka kuwa neno la kukaa mahali.

Je, mkasa huo si wetu pia? Mkristo aliyetumwa hujiona kama aliyewekwa. Hupokea baraka, hurudi nyumbani, akaketi. Katika nyanda hizi za kati mvua ni haba. Mwaka mbaya ukiingia, uwele na mtama hukauka shambani, na mjane jirani yetu hana cha kutia chunguni. Kwake ndiko tulikotumwa.

Tuwakumbuke Mapadre Wapasionisti waliotoka Italia, waliokabidhiwa Prefektura ya Kitume ya Dodoma, iliyoundwa mwaka 1935. Katika lugha ya mama zao mettere ilikuwa kuweka tu. Hata hivyo waliondoka, wakaja. Kutokana na kazi yao Dodoma ikawa jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 2014.

Sisi lugha yetu haitupi udhuru. Kwetu kutuma ni kutuma, na kitenzi hicho kimetuzalia mtume na mtumishi pamoja. Basi, Dominika ijayo, baraka ikiisha kutolewa, kila mmoja atoke mlangoni akijua ni nyumba ya nani anayoiendea.