Je, Wasiwasi Baada ya Kukataliwa Chuoni Una Haki?

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakiisha kutangazwa, vijana wetu wa Kongwa huomba nafasi katika vyuo vikuu. Wako wanaopata, na wako wanaojibiwa kwamba hawakuchaguliwa. Hao wa pili twawaona: hujifungia ndani mchana, huitazama simu usiku, nao huhesabu alama zao mara nyingi, kana kwamba kuhesabu kutaziongeza. Neno liwasumbualo ni hili: "Ikiwa chuo cha kwanza kimenikataa, cha pili kitanipokeaje?" Basi twataka kulipima neno hilo.

Kwanza, yatupasa kujua kukataliwa huko kwasema nini. Mwombaji wa shahada atokaye Kidato cha Sita hudaiwa awe amefaulu masomo makuu mawili yenye jumla ya alama zisizopungua nne. Naye atakaye udaktari hudaiwa fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu. Lakini kufikia kiwango si kupata nafasi. Waombaji wakizidi viti, wenye alama za juu hutangulia, na mwenye sifa aweza kubaki nje. Kwa hiyo jibu la kukataa mara nyingi lasema jambo moja tu: katika kozi hii, mwaka huu, wengine wametangulia. Halisemi habari za kozi nyingine, wala za bidii ya kijana, wala za uaminifu wake. Ayasomaye hayo ndani ya jibu lile ameyaandika mwenyewe.

Pili, tuitazame nchi yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa Kongwa mpango mkubwa wa karanga, ikikusudia kulima eneo kubwa mno katika Tanganyika. Mitambo ilivunjika kwa visiki na udongo mgumu, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Aliyeona mitambo ile angeweza kusema kwamba nchi hii haifai kitu. Lakini ranchi ya ng'ombe ikawapo Kongwa, na wakulima wetu hupanda karanga hata leo katika mashamba yao madogo, wakifuata mvua ijavyo. Nchi haikuwa mbovu, bali ilidaiwa jambo kwa njia isiyoifaa.

Hata hivyo hatusemi kijana asijali. Wasiwasi ni kitu kimoja, na uangalifu ni kitu kingine. Mkulima ambaye mbegu za mvua ya kwanza zimemkaukia haketi kizingitini akihesabu mashimo. Hutafuta mbegu nyingine, na pengine hupanda mtama pale alipopanda mahindi. Vivyo hivyo kijana na ajiulize: nimekosa kwa alama, au kwa kuchagua kozi inayosongwa na wengi, au kwa kukosea katika maombi? Kila swali lina dawa yake. Aliyechagua penye msongamano aweza kuomba kozi nyingine katika awamu ifuatayo. Aliyepungukiwa alama aweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kuanza na stashahada, kisha akaomba shahada kwa hiyo. Na kwa stashahada hatuko mbali na vyuo: kuna Chuo cha Mipango pale Dodoma, na Chuo cha Serikali za Mitaa pale Hombolo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini wasiwasi una hatari kubwa kuliko huzuni, nayo ni uongo. Kijana aonaye haya aweza kuwaficha wazazi wake, hata akasema amechaguliwa naye hakuchaguliwa. Na ada ikiisha kutolewa, uongo wa kwanza hudai wa pili. Tena wasiwasi humfungulia mlango mlaghai aahidiye nafasi kwa fedha. Nafasi ya chuo haiuzwi. Ainunuaye amenunua hasara.

Nanyi wazazi, twawasihi. Msiseme mbele ya mtoto kwamba ng'ombe mliouza wamepotea bure. Kijana aogopaye neno hilo ndiye atakayewaficha ukweli. Kumbukeni kwamba kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake; waliotaka elimu hiyo walikwenda Makerere, Uganda, au mbali zaidi, nao walikuwa wachache sana. Wengi waliobaki walifundisha katika shule za vijiji na kuuguza wagonjwa, na kwa kazi yao watoto wengi walijua kusoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, nchi ilikuwa imekwisha kujengwa miaka mingi na watu wasiokanyaga chuo kikuu.

Basi twajibu: wasiwasi uhesabuo tu hauna haki, maana wamhukumu mtu kwa jambo ambalo chuo hakikulihukumu. Uangalifu una haki, nao huanza kwa kusema kweli nyumbani. Kijana na aseme leo, "Sikuchaguliwa," naye mzazi na amjibu, "Keti, tushauriane."