Filimbi ya Alfajiri

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 127:2, 1 Kor. 9:24–27, Mk. 1:32–35, 1 Fal. 19:4–8, Yn. 21:4–12, Dan. 1:8–16, Kut. 20:8–11.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Lisome kutoka katika Biblia yako kila siku ya juma hili, mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Msimu wa UMISSETA unapokaribia, shule zetu za sekondari huanza kuunda timu: soka, netiboli, voliboli, riadha. Mwanafunzi anayefanya vizuri shuleni huweza kuiwakilisha wilaya yake, kisha Mkoa wa Pwani, kisha kufika mashindano ya taifa. Kwa kijana wa Kibiti hiyo si heshima ndogo. Lakini mwalimu wa michezo akitazama ratiba anaona vipindi vimeujaza mchana na jua ni kali. Mara nyingi kinachobaki ni alfajiri.

Mwezi wa Juni jua la huku kwetu huchomoza karibu saa 12 na nusu. Filimbi ikipulizwa saa 11 na nusu, uwanja bado uko gizani. Huko delta, kuanzia Nyamisati hadi Salale na Mbuchi, wapo walioamka kabla ya filimbi hiyo: wavuvi wanarudi na mitumbwi, na majirani zetu Waislamu wameitika adhana. Mwanafunzi Mwadventista naye ameamka. Amefunga kamba za raba na kutoka mbio. Kitabu chake cha Kesha la Asubuhi kimebaki juu ya sanduku, hakijafunguliwa.

Juma hili tutajifunza maswali mawili. Mwili huu unaoamshwa gizani ni wa nani? Na yule anayeuamsha anadaiwa nini?

JUMAPILI: Mwili wa Nani?

Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anatumia mfano gani, na anautiisha mwili wa nani?

Wakorintho waliuelewa mfano huu bila kufafanuliwa. Karibu na mji wao, huko Isthmia, michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka miwili. Mshindi alivikwa taji la majani, na majani hunyauka. Hata hivyo kwa ajili ya taji hilo wanariadha walijinyima mengi. Paulo hawacheki. Anasema kwamba kama wao waliweza kujizuia kwa ajili ya kitu kinachonyauka, sisi hatuna udhuru.

Sisi Watanzania tumeona nidhamu hiyo kwa macho yetu. Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya riadha huko Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni. Baada ya zaidi ya kilomita 42, yeye na Mjerumani Amanal Petros walitenganishwa na sekunde 0.03 tu. Mtu hafiki hapo bila miaka mingi ya kuukatalia mwili wake uvivu. Kwa hiyo kanisa lisimwambie kijana kwamba kuamka mapema kwa ajili ya mazoezi ni upuuzi.

Lakini soma tena fungu la 27. Paulo anazungumzia mwili wake mwenyewe. Hakuna mahali anapojipa ruhusa ya kuutesa mwili wa Timotheo. Kujitiisha ni nidhamu. Kumtiisha mtoto wa mwenzako ni amana, na amana huulizwa.

Ni tofauti gani unayoiona kati ya kijana anayejinyima kwa hiari na kijana anayelazimishwa?

JUMATATU: Kabla ya Filimbi

Soma Marko 1:32–35. Yesu alikuwa amefanya nini jioni iliyotangulia?

Siku ile ilikuwa ya Sabato. Jua lilipokwisha kuzama, mji wote ulikusanyika mlangoni, naye akaponya wengi. Alikuwa na kila sababu ya kuchelewa kuamka. Bado aliondoka kabla ya mapambazuko, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Asubuhi hiyohiyo wanafunzi walimtafuta wakimwambia kwamba watu wote wanamtaka. Walipompata, alikuwa ameshakutana na Baba, naye akawaambia kwamba wataelekea miji mingine. Kilichosemwa gizani ndicho kilichoongoza mchana.

Kijana wa timu hana saa nzima. Anazo dakika 10 kati ya kunawa uso na kufunga kamba za raba. Dakika hizo zinatosha kwa fungu moja na ombi moja la kweli. Anaweza kuchagua fungu usiku, aliweke akilini, na kulitafakari njiani kuelekea uwanjani. Kosa analopaswa kuliogopa ni kumwambia Mungu kila siku, “Baada ya mazoezi.” Baada ya mazoezi kuna kuoga, kuna gwaride, kuna vipindi, na jioni kuna usingizi.

Majirani zetu wanaoswali alfajiri wanatukumbusha jambo hili kila siku. Kocha mwenye busara hapangi mazoezi juu ya swala yao. Je, sisi tuna ibada ya asubuhi inayoonekana kiasi kwamba mtu angefikiria kuiheshimu?

JUMANNE: Usingizi Nao ni Zawadi

Soma Zaburi 127:2 na 1 Wafalme 19:4–8. Mungu alimpa Eliya nini kabla ya kumpa kazi mpya?

Zaburi ya 127 inaonekana kupingana na somo la jana. Inasema kuamka mapema na kuchelewa kulala ni bure, na kwamba Mungu huwapa wapendwa wake usingizi. Haisifu uvivu. Inakemea juhudi inayojiendesha bila Mungu, kana kwamba tusipojichosha dunia itasimama.

Eliya chini ya mretemu alikuwa amechoka kiasi cha kutamani kufa. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili.

Tufanye hesabu. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Msichana anayetakiwa uwanjani saa 11 na nusu, akiishi mbali, ataamka saa 10 na nusu. Ili apate saa 8 ni lazima awe amelala saa 2 na nusu usiku. Je, saa hiyo vyombo vimeoshwa? Maji yamechotwa? Kazi ya hisabati imekwisha? Zaidi ya hayo, mwili wa kijana anayebalehe huchelewa kusikia usingizi. Akilala saa 4 usiku, amepata saa 6 na nusu, na atasinzia kwenye kipindi cha kwanza. Tukimwita mvivu, tumemshitaki kwa kosa ambalo sisi wakubwa tumelisababisha.

Nyumbani kwako, ni kazi gani ya jioni inayoweza kupunguzwa au kugawanywa ili kijana alale mapema?

JUMATANO: Moto wa Makaa Ufuoni

Soma Yohana 21:4–12. Wanafunzi walikuta nini walipofika nchi kavu?

Watu wa delta wataielewa sura hii kuliko wengi. Usiku mzima nyavu ziko majini, samaki hakuna, na kunapambazuka. Mtu amesimama ufuoni. Kabla ya kumuuliza Petro swali lolote gumu, Yesu amewasha moto, ameweka samaki na mkate, na anawaita wale.

Anayewaita watu alfajiri awaandalie. Kikombe cha uji na kipande cha muhogo baada ya mazoezi si anasa. Ni sehemu ya mazoezi. Mtoto aliyekimbia akiwa na njaa kisha akakaa darasani hadi mchana bila kula ametumiwa, hajafundishwa.

Usalama nao umo katika maandalizi hayo. Wazee wa Rufiji hawajasahau simba waliowaua watu zaidi ya 30 kati ya mwaka 2002 na 2004, na Kibiti nzima inaikumbuka hofu ya usiku ya mwaka 2017. Mzazi anayesita kumwachia binti yake apite njia ya mikorosho gizani peke yake hana imani haba. Anaijua njia.

Tena kuna maji. Kujaa kwa maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, na filimbi haichelewi. Mwanafunzi anayevuka mkondo kwa mtumbwi anaweza kuwahi Jumatatu na kukwama kwenye tope Alhamisi, bila uzembe wowote. Mwalimu anayeyajua maji atauliza kwanza kabla ya kuadhibu.

Kama timu ingepangiwa muda kwa kumwangalia mtoto anayekaa mbali zaidi, ratiba ingebadilikaje?

ALHAMISI: Jumamosi Alfajiri

Soma Kutoka 20:8–11 na Danieli 1:8–16. Danieli aliombaje?

Hapa ndipo vijana wetu wengi hubanwa. Mazoezi ya Jumamosi alfajiri huwa marefu kwa sababu hakuna vipindi, na mechi nyingi huchezwa siku hiyo. Kwa Mwadventista, Sabato imeanza tangu Ijumaa jua lilipozama.

Danieli aliazimu moyoni kwanza, kisha akaomba kwa adabu. Mkuu alipoonyesha hofu yake, Danieli hakumdharau. Alikwenda kwa msimamizi aliyekuwa karibu naye, akapendekeza majaribio ya siku 10. Kijana wetu anaweza kufuata njia hiyo: “Shikamoo, Mwalimu. Naipenda timu na nataka kuitumikia. Siku yangu ya ibada huanza Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Naomba Jumapili nije mapema nifanye mazoezi niliyoyakosa, na kazi ya kuchora mistari ya uwanja nipewe mimi.” Aseme hivyo mwanzoni mwa msimu, si Ijumaa jioni.

Asiachwe peke yake. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu. Lakini mzazi na mzee wa kanisa wanaofika shuleni kwa upole husaidia kuliko mtoto anayejitetea kwa Katiba mkononi.

Wala tusimdanganye. Danieli alikubaliwa. Rafiki zake, katika sura ya 3, walitupwa katika tanuru kwanza. Yawezekana kijana akaondolewa kwenye kikosi, basi la timu likapita barabara ya Kilwa akiwa amekaa kanisani. Siku hiyo asisikie mahubiri tu. Akaribishwe chakula nyumbani kwa mtu. Atajua kama Sabato ni furaha kwa kuwaangalia wale waliomwambia aitunze.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika kitabu cha Elimu, kilichotolewa mwaka 1903, Ellen White alitetea mazoezi ya mwili, hasa kazi yenye manufaa, na akaonya juu ya michezo inayolea ukali na tamaa ya kutawala wengine. Mtoto anayepiga kafi kila siku kwenda shule, au anayelima mpunga na wazazi, mwili wake umeshafanya mazoezi mengi. Soma pia 1 Timotheo 4:8. Paulo hasemi mazoezi ya mwili hayana faida. Anayaweka mahali pake, na utauwa mahali pake.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, nani ni mwalimu, nani ni mzazi, nani ni mwanafunzi? Kila mmoja aeleze saa yake ya kuamka na kinachomwamsha. Mnajifunza nini?

2. Mwalimu wa michezo ambaye ni mshiriki wa kanisa anatakiwa na shule kuleta ushindi. Anawezaje kuwa mwaminifu kwa mwajiri wake na pia kwa miili ya watoto aliokabidhiwa?

3. Kijana anasema, “Nikikosa Jumamosi mbili nitapoteza nafasi, na michezo ndiyo njia yangu ya kutoka kijijini.” Msimjibu haraka. Kwanza tajeni anachopoteza kwa kweli. Kisha jadilini kanisa linaweza kubeba sehemu gani ya hasara hiyo pamoja naye.

4. Kabla ya Sabato ijayo, kundi lenu litafanya jambo gani moja: uji, taa, mtu wa kumsindikiza binti, au kufika shuleni kuzungumza na mwalimu? Andikeni jina la atakayelifanya.